Kalamu ya Sista

4 Februari

Mdogo wangu Futikamba,

Natumai u mzima, na wifi yangu pia. Mimi ni mzima ila kitini hakukaliki. Kibali kimefika. Tangu jana dada yako anaandika dawa mwenyewe. Yale mambo ya kukimbia koridoni na faili kumtafuta daktari aweke sahihi, huku mgonjwa kajikunja kwenye benchi, yamekwisha. Nauliza, naandika, natia sahihi, mfamasia anatoa. Miaka kumi na mmoja nimekuwa naona kitu cha kufanya, halafu nasubiri mtu mwingine aje akione.

Wamenipa chumba namba tano, cha mwisho. Meza moja, viti viwili, na dirisha linalotazama pale wanapooshea magari ya wagonjwa, kwa hiyo kutwa nasikia ndoo. Kitabu cha vyeti vya dawa nakifungia kwenye droo, ufunguo nautia mkobani, na kila nusu saa naingiza mkono kuupapasa kama mtu aliyeiba.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva mstaafu, siku tisa hajalala vizuri. Nilipomaliza kuandika akakigeuza kile cheti huku na huku, akaniuliza sahihi ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akasema, "Basi leo benchi litanikosa, sista." Nikacheka mpaka nikaona aibu.

Sasa wewe. Mwezi ujao unatimiza miaka sita tangu utoke wodini. Miaka sita hujarudi. Lithiamu, dawa yako ya akili, unakunywa kama ulivyoandikiwa? Damu ulipima lini? Usinijibu "juzi juzi", nakujua.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Hongera. Barua yako nimeisomea juu ya mfuko wa saruji, na mwenzangu wa kushika fimbo ya vipimo akaniuliza kama nimeachiwa urithi. Nimemwambia dada yangu kapewa kalamu. Hakuelewa, lakini akanipa mkono.

Kambini kwetu, huku barabara inakojengwa, simu haishiki hadi upande juu ya tangi la maji, na ukipanda watu wote wanakusikia. Ndiyo maana nakuandikia. Dereva wa lori la saruji anachukua barua Jumanne na Jumamosi. Nyumbani kwa mke wangu nashuka mwisho wa wiki, na huko simu moja tuna watu watatu wa kuigombea, kwa hiyo mambo yangu nayaweka humu.

Dawa nakunywa. Damu ilipimwa Septemba. Ila nina shida, na wewe sasa ndiye mtu wa kuniondolea.

Mkono wa kulia unatetemeka. Si sana, chai haimwagiki. Lakini mkate wangu siupati kwa kushika chai. Ile mashine ya kupimia ardhi ina skrubu ndogo unayoigeuza kama unamsafisha mtoto sikio, na nikiigusa mstari unaruka. Namba ninazoandika kwenye daftari zinaonekana zimeandikwa ndani ya gari. Juzi msimamizi alinisogelea akajifanya anatazama ramani. Alikuwa ananinusa, dada. Anadhani nalewa.

Nimesikia kuna kidonge cha kutuliza mikono, mtu anakunywa pamoja na lithiamu. Niandikie. Hospitali ya mji huu ndiyo inayotibu kambi nzima. Nikisimama kwenye lile dirisha la wagonjwa wa akili, jioni ileile hata mpishi atajua. Hapa hakuna anayejua chochote juu yangu, na kwa kutojulikana ndivyo ninavyoishi. Cheti kimoja tu. Kitie kwenye bahasha.

Futikamba


6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Siwezi kukuandikia. Kanuni hairuhusu muuguzi kumwandikia dawa ndugu yake, wala mtu ambaye hajamwona na kumpima. Mkono kutetemeka kunaweza kuwa dalili kwamba dawa imezidi mwilini. Unatakiwa uende hospitali ya hapo, upime damu na figo, na uwaeleze. Usipunguze dawa wala kuiacha bila kumwona mtaalamu. Mgonjwa anayejipangia dozi mwenyewe anatupa sisi kazi mara mbili.

Simu yangu ina hitilafu, usihangaike kupiga.

Dada yako


13 Machi

Dada,

Nimekuelewa. Karatasi uliyotumia ina nembo ya hospitali, kwa hiyo nimeihifadhi vizuri pamoja na barua nyingine za ofisini.

Nitafanya ulivyosema.

Mdogo wako


30 Machi

Dada yangu mpenzi, mpenzi kweli,

Nilikuwa nimekununia, sasa nimeacha. Nilikwenda hospitali, wamenibadilishia dawa, na mkono umetulia kama ukuta. Umetulia, dada. Jana nilisoma vipimo mia na kumi kwa siku moja. Mwenzangu wa fimbo akaomba tupumzike, nikamwambia apumzike yeye, nikashika fimbo na mashine zote mbili, nikawa nakimbia huku na huku, watu wakacheka, nami nikacheka, na vipimo vikakubali mpaka milimita ya mwisho. Msimamizi hanusi tena. Ananitazama tu.

Nimegundua pia kwamba usingizi ni mazoea. Saa tatu zinanitosha. Saa kumi na moja niko uwandani, umande haujakauka, na ndipo nilipoiona hii barabara ilivyokosewa. Wameizungusha kilima bila sababu yoyote. Ukinyoosha mstari kutoka kigingi cha mia mbili unaokoa karibu kilomita nzima. Kilomita, dada. Nimechora kurasa kumi na nane. Nimemwandikia mhandisi mkuu, na waziri nitamwandikia Jumatatu, na wewe nakutumia nakala moja ujue mdogo wako ana kichwa cha namna gani, maana hicho kichwa mmekifunika kwa vidonge miaka sita kama sufuria na kifuniko.

Natania. Nakupenda. Mke wangu anasema naongea sana, nami namwambia yeye ndiye anayesikiliza taratibu.

Futikamba wa mstari mnyoofu


5 Aprili

Futikamba wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, viatu bado mkononi.

Hujui umenifanyia nini. Siku hizi huku mambo ni mazito. Wamenipangia kupanga mafaili ya zamani stoo, kazi ya muda tu, na mle ndani hakuna dirisha, nikitoka macho yananiuma. Nilikuwa nahitaji sana mtu mmoja katika dunia hii awe na furaha, na nimefurahi kwamba mtu huyo ni wewe. Mchoro wako siuelewi hata kidogo lakini nimeubandika ukutani kwangu.

Afadhali wamekubadilishia dawa. Niandikie jina lake ukikumbuka. Na ulale, bwana. Saa tatu ni chache hata kwa mpima ardhi.

Nisamehe ile barua ya Machi. Nilikuwa na haraka.

Dada yako


9 Aprili

Dada

jina la dawa ni hakuna. Hakuna ndilo jina lake, inatibu vizuri. Mhandisi hajajibu, watu wa aina yake hawajibu mpaka waone. Basi wataona. Kesho greda linaanza upande wa kilima na dereva wa greda hasomi ramani, anasoma vigingi, anafuata vigingi kama mbuzi anavyofuata majani. Nani anaweka vigingi? Mimi. Nani aliwahi kuuliza mimi nina maoni gani? Nyundo ninayo. Mstari nauona bila mashine, nafumba macho nauona, una rangi. Mwambie mkubwa wako akutoe stoo, mwambie dada wa mtu aliyenyoosha barabara hakai stoo

F.


12 Aprili

Wifi yangu,

Nakuandikia kwa kuwa simu yako haipatikani siku ya tatu leo. Barua hii nimempa kondakta wa basi aifikishe mapokezi ya hospitali yenu, kwa mkono.

Mume wangu yuko wodini. Ni mzima wa mwili.

Juzi asubuhi kabla watu hawajanywa chai alikuwa ameshang'oa vigingi vya barabara na kuvipigilia upya kwa mstari wake, kama mita mia sita. Dereva wa greda akaja, akawasha, akafuata vigingi. Greda limebomoa ukuta wa shule ya msingi, limekwenda hadi kwenye vyoo, shimo likatitia. Watoto walikuwa bado hawajafika. Robo saa baadaye wangekuwa kwenye vyoo hivyo, wifi, na hilo sitaki kuliwaza lakini halinitoki. Yeye alikuwa mbele na kitambaa chekundu anampungia dereva aendelee. Walimshika watu wanne. Nilipofika alikuwa amefungwa mikono kwa mshipi wa mtu, anawaeleza habari za kilomita, sauti imemkauka.

Nyumbani nimefungua begi lake. Vidonge vimo ndani ya soksi, pakiti hazijafunguliwa tangu katikati ya Machi. Hospitali hakwenda. Hakubadilishiwa kitu.

Sasa nikuambie la pili, maana nikiliweka litanichoma. Nilipiga simu kliniki yenu kukutafuta. Aliyepokea akasema, "Sista huyo haandiki dawa siku hizi, amesimamishwa tangu mwanzo wa Machi." Nilidhani amekosea mtu. Nikamwambia wewe ni wifi yangu, akaniomba radhi.

Sijui ulifanya nini wala sikuulizi. Ninachouliza ni hiki: alikutumia barua za namna gani? Mimi nashona sare, maradhi haya nimeyajua kwa kuolewa. Wewe umeyasomea.

Wifi yako


14 Aprili

Kwa Muuguzi wa Wodi ya Wagonjwa wa Akili,

Salaam. Mpima ardhi mliyempokea tarehe 10 ni mdogo wangu. Nami ni muuguzi wa fani yenu. Naandika kukupa historia ambayo yeye huenda kwa sasa hawezi kuieleza.

Amelazwa mara mbili, ya mwisho miaka sita iliyopita. Dawa iliyomshika ni lithiamu, na kabla ya hapo nyingine mbili zilishindwa; orodha nimeiambatanisha. Aliiacha kati ya tarehe 13 na 15 Machi kwa sababu ya mkono kutetemeka. Mkono huo ndio ajira yake. Aliniomba msaada na sikumsaidia.

Nimeambatanisha pia barua zake mbili za mwisho. Utakapozisoma utaona dalili zote: usingizi, mwendo wa maneno, mipango, waziri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona. Mimi moja niliibandika ukutani.

Sikuombi dozi yoyote wala sikuelekezi. Naomba tu, atakapotulia, usimrudishie lithiamu kabla hujamuuliza kuhusu huo mkono.

Dada wa mgonjwa


22 Aprili

Sista, muuguzi mwenzangu,

Asante kwa historia, imetuokolea wiki nzima. Mgonjwa amerudi kuongea kwa utulivu. Ameniruhusu nikuambie mambo mawili, na hayo ndiyo nitakayokuambia.

La kwanza, amekubali lithiamu tena, kwa kiwango cha chini kuliko cha zamani, na damu tutapima kila wiki. Nami nina kibali cha kuandika, kwa hiyo nimemuongezea kidonge kidogo cha mkono baada ya kumsikiliza moyo na kifua. Nilimpa kalamu akachora mstari mbele yangu asubuhi na jioni kwa siku tano, tukalinganisha. Mstari wa jana ni mzuri kuliko wangu.

La pili, anajua kwamba umeandika. Atakuandikia akiwa tayari, na ameniomba nikuambie usije kabla ya hapo.

Barua zake nimezirudisha kwenye bahasha hii. Hizo si za faili.

Muuguzi wa Wodi


3 Mei

Dada,

Niko nyumbani tangu Jumatatu. Usiku nalala saa tisa mfululizo na mchana naongeza. Mwili mzito kama nimevaa makoti mawili, lakini kichwa kimerudi mahali pake, na kikirudi kinakuja na habari zote za ulichofanya kikiwa hakipo. Nimekwenda kuuona ule ukuta. Mwalimu mkuu alinionyesha mwenyewe, shimo baada ya shimo, bila kupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Muuguzi wa wodi, mwanaume mmoja mfupi, anayeongea kama anahesabu, siku ya kwanza nilipoweza kukaa chini swali lake la kwanza lilikuwa, "Unafanya nini na mikono yako?" Nililia. Hakuandika kitu mpaka nimalize. Dawa niliyokuomba wewe Februari akaniandikia yeye, mtu asiyenijua.

Mke wangu amenieleza kuhusu kusimamishwa kwako. Kwa hiyo Machi, uliponisomea kanuni, kalamu yenyewe hukuwa nayo. Kanuni ilikuwa kweli, najua, hata huyu wa wodi kasema asingemwandikia ndugu yake. Lakini uliisema kama mtu aliye juu ya ngazi, kumbe umeshaanguka uko chini kama mimi. Ungeniambia, "Mdogo wangu, hata mimi mkono umenitetemeka," ningekwenda hospitali siku ileile. Nadhani ningekwenda. Sina hakika na mambo yangu ya wakati ule.

Nimelifikiria hili wodini na sasa nakutolea. Nilimwandikia dada, akanijibu sista. Halafu nilipoharibikiwa, barua zile ndefu zilimhitaji sista, zikasomwa na dada. Kila mara alikuja yule mwingine.

Mdogo wako


9 Mei

Futikamba,

Nimeianza barua hii kazini, nikaichana. Naandikia jikoni, nimesimama, nikikaa nitainuka tena.

Nakueleza yaliyotokea. Tarehe 24 Februari alikuja mama mmoja, mwokaji mikate, yuko kwenye lithiamu kama wewe, miaka mingi, hana shida. Nilimwandikia dawa yake ya mwezi. Anainuka kuondoka, akashika goti. Kusimama mbele ya tanuri tangu alfajiri, goti limevimba. Nikamwambia kaa. Nikafungua kitabu tena, nikamwandikia vidonge vya maumivu, kwa kuwa vimo kwenye orodha yangu na kwa kuwa naweza. Hapo ndipo penyewe, mdogo wangu: kwa kuwa naweza. Vidonge hivyo havikai na lithiamu. Vinaizuia isitoke mwilini, ikalundikana. Hili nililifanyia mtihani nikalipata. Siku ile nilikuwa nasikia ndoo za nje na kufurahia sahihi yangu.

Duka la dawa mtaani lilimpa bila kuuliza. Siku ya sita mumewe alimleta anayumba, ulimi mzito, anatapika, mikono inaruka hata kijiko hakishiki. Figo zilisimama siku mbili. Alipona. Mkubwa wangu wa kazi hakunifokea. Aliniomba ufunguo wa droo, nikautoa mkobani, akanipeleka stoo wiki tisa.

Barua yako kuhusu mkono ilinikuta siku hizo. Nilifungua nikaona neno "unatetemeka" na neno "lithiamu", nikaona mikono ya yule mama. Nilitaka kutupa karatasi mbali. Nikachukua karatasi yenye nembo kwa sababu ilinisaidia kuandika kama mtu ambaye hajafanya lolote. Simu haikuwa na hitilafu. Niliizima.

Na ile ya Machi mwishoni nilijua. Si kujua kwa maneno. Nilipofika pale pa usingizi niliruka mstari nikaenda pa kuchekesha. Nilikuwa sitaki mgonjwa mwingine. Watoto wa shule ile wangekuwa vyooni, wewe ungebeba hilo maisha yako yote, na mimi ningekuwa na mchoro ukutani.

Kalamu nimerudishiwa Jumanne, kwa sharti kwamba kila cheti mfamasia anakipitia kwanza kwa miezi mitatu. Wagonjwa wanaona nachelewa. Nawauliza kila wanachomeza, hadi mizizi na dawa za kikohozi, na wengine wananiambia nimekuwa polisi. Mama wa mikate amehamia chumba namba tatu. Tukikutana koridoni ananisalimia vizuri kabisa, na salamu hiyo inaniuma kuliko angenitukana.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nimekueleza tu, kwa kuwa ulikuwa wa kwanza kustahili kuelezwa na nimekufanya wa mwisho.

Dada yako


18 Mei

Dada,

Nimesoma. Nimempa na mke wangu akasoma, usikasirike, siku hizi hatufichani barua.

Jana niliitwa kambini kujieleza. Waliketi watatu: msimamizi, mhandisi, na mtu wa ofisi ambaye hakuinua kichwa. Njiani nilikuwa nimejitungia hadithi ya malaria iliyopanda kichwani. Nilipokaa ikanitoka. Nikasema nina maradhi ya akili tangu nina miaka ishirini na moja, nakunywa dawa kila siku, niliacha kwa siri, na vigingi nilivihamisha mimi, mwenzangu wa fimbo hahusiki. Nikasema na la mkono. Mtu wa ofisi akainua kichwa.

Hawajanifukuza. Miezi sita sigusi mashine wala nyundo. Nitakaa ofisini kupiga hesabu za wengine, halafu wataangalia. Jumamosi naungana na mafundi kujenga ule ukuta, hilo nimeliomba mwenyewe. Mhandisi alinionyesha mstari wangu kwenye ramani kubwa. Ulikuwa mnyoofu kweli, dada. Ulipita katikati ya zahanati.

Tulipotoka msimamizi alinifuata mpaka kwenye lori. Nilidhani anakuja kuninusa. Akaniuliza, "Ukianza tena, mimi nitajuaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata wewe, hata mimi mwenyewe. Ilinibidi nifikiri. Nikamwambia: nikikukatiza kabla hujamaliza sentensi, siku mbili mfululizo. Nikianza kazi kabla ya wote na kusema sijachoka. Nikikuambia sihitaji usingizi, nishike mkono twende hospitali hata nikikutukana. Akatoa kidaftari akaandika yote, taratibu, akanisomea kuhakikisha, akaenda zake.

Na wewe yaandike. Halafu yaandike na ya kwako, wewe ukianza kuharibika tutakuonaje, maana sasa najua huwa unazima simu na kuandika vizuri.

Hasira yangu kwako haijaisha. Asubuhi huwa haipo, mchana inarudi, nazunguka nayo uani mpaka mke wangu ananiambia nikae. Sitaki iishie kwenye bahasha. Ninataka uwe umekaa mbele yangu niseme yote na wewe useme yote, na hakuna kuondoka katikati. Basi la Ijumaa linafika saa kumi. Nitakuja stendi kukupokea.

Njoo.

Mdogo wako